Kabla Hujanunua Vumbi la Kongo, Kapime Sukari

Leo umbea tunauweka pembeni kidogo, ingawa umbea wenyewe ndio uliotufikisha hapa.

Kuna kapo moja ya mastaa hapa mjini, majina siweki, mnaowajua mnawajua. Ndoa ina miaka minne, harusi yao ilifunga barabara. Kila bidada akiposti picha, dakika mbili hazipiti watu wameshafika. "Mtoto yuko wapi?" "Urembo wote huo tumbo halijibu?" "Huyu alitoa sana mimba enzi zake." Kuna mmoja alimshauri kabisa jamaa aongeze mke wa pili, tena kwa upole kama anampa ushauri wa kiwanja. Na jamaa mwenyewe yupo hapo hapo kwenye picha, anatabasamu, kitambi kimetangulia, vifungo vya shati vinaomba msaada. Yeye haulizwi kitu. Anaambiwa "bosi umenawiri", "pesa inaongea", "ndoa imekukubali kaka".

Mimi siwapimi hao wawili, ya kwao ni ya kwao na daktari wao. Shida yangu ni sisi tunaoangalia. Picha moja ina watu wawili, mmoja tunamtukana kwa kitu ambacho hatukijui, mwingine tunampongeza kwa kitu ambacho kilitakiwa kitushtue. Maana kile kitambi, pamoja na sukari na presha zinazopenda kuongozana nacho, vinaanza kula mambo ya chumbani na ya uzazi mapema sana, kabla mtu hajalazwa wala kujijua kuwa anaumwa.

Tuanze na wanaume, maana ndio wabishi.

Watu wanadhani nguvu za kiume ni kitu cha misuli, au cha moyo wa kijasiri. Ni suala la damu. Ukisisimka, neva zinatuma taarifa, ukuta wa mishipa unatoa gesi inaitwa nitriki oksaidi, mishipa inalegea na kutanuka, damu inajaa, njia ya kutokea inabanwa. Basi, kazi imekwisha. Mwaka 1998 wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kazi ya gesi hiyo kwenye mishipa ya damu. Mwaka huohuo Viagra ikaruhusiwa kuuzwa Marekani. Na mnajua ile dawa ilianzaje? Pfizer walikuwa wanaijaribu kwa ajili ya maumivu ya kifua ya watu wenye ugonjwa wa moyo. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya moyo ikaishia kitandani, kwa sababu mabomba yote ni ya mfumo mmoja.

Sasa sikia hii. Mshipa unaopeleka damu kwenye uume una upana wa kama milimita 1 hadi 2. Ile inayolisha moyo ni milimita 3 hadi 4. Mafuta na sukari vikianza kuharibu kuta za mishipa mwilini, bomba jembamba ndilo linaonyesha dalili kwanza. Ndiyo maana kwa wanaume wengi ambao tatizo lao ni mishipa, chumbani kunagoma kwanza, halafu moyo unafuata miaka miwili hadi mitano baadaye. Yaani jogoo asipopanda mtungi, huyo ni mlinzi anapiga filimbi. Sisi tunamtafutia mlinzi dawa ya kumnyamazisha.

Sukari ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inapiga kotekote. Inaharibu mishipa, inaharibu na neva zinazoleta taarifa. Mwanaume mwenye kisukari ana uwezekano wa kupata tatizo la nguvu za kiume kama mara tatu na zaidi ya asiye nacho. Na barani Afrika zaidi ya nusu ya watu wenye kisukari hawajui kama wanacho. Weka hayo mambo mawili pamoja, kisha uende jioni pale kwenye meza za pweza. Katika ule mstari wa vikombe vya supu kuna kaka fulani anatibu kisukari kwa pweza, na hajui.

Sina ugomvi na pweza, jamani. Weka ndimu, weka pilipili, ni protini safi kabisa na mimi nakula. Karanga mbichi nazo na muhogo na nazi, tafuna. Ila hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosafisha mshipa ulioziba au kushusha sukari ya damu. Vumbi la Kongo ndilo linaloniogopesha. Unanunua kijikaratasi, hujui kimechanganywa nini wala kwa kiasi gani. Huko Marekani mamlaka ya chakula na dawa imekamata mara nyingi unga na vidonge vinavyoitwa "vya asili" kabisa, kupima ndani wanakuta kemikali ileile ya Viagra imefichwa. Kama wewe ni mgonjwa wa moyo, unatumia ile dawa ya kuweka chini ya ulimi, halafu ukakutana na unga wa namna hiyo, presha inaweza kuporomoka mpaka usiinuke. Tukisikia mtu mzima kafia gesti tunacheka, tunasema kazidiwa na mtoto. Hatuulizi alikuwa amemeza nini, wala moyo wake ulikuwa kwenye hali gani.

Halafu kuna homoni. Mafuta ya tumboni hayakai tu pale kama mzigo wa boda. Yanafanya kazi. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachochukua testosteroni, homoni ya kiume, na kuigeuza kuwa estrojeni, homoni ambayo mwanamke anayo nyingi zaidi. Kitambi kikikua, testosteroni inashuka, hamu inashuka, uchovu unapanda, mtu anakaa zaidi kwenye kochi, kitambi kinakua tena. Ni mzunguko. Ukichanganya na kukesha ndiyo kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha mwaka 2011 matokeo ya vijana 10 wenye afya zao, waliolala saa tano tu kwa usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja tu! Sisi wa mjini tunaishi hivyo mwaka mzima, shoo hadi alfajiri, simu mkononi, eneji mbili asubuhi ili uamke.

Na nyie wabeba vyuma msicheke, zamu yenu hii. Kuna wale wanaojidunga testosteroni ili kifua kijae haraka. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, unaacha kuziagiza korodani zifanye kazi. Zinasinyaa, mbegu zinapungua, wengine zinaisha kabisa. Kwa nje mtu ni sanamu, wadada wanageuza shingo. Kwenye kipimo cha mbegu anasoma sifuri. Akiacha, wengi mbegu zinarudi, lakini inaweza kuchukua miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka. Kama unapanga kuitwa baba, hiyo sindano ni ya kuikimbia.

Hapo ndipo panapotuchanganya watu wengi: nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha ni vitu viwili tofauti. Mwanaume anaweza kuwa moto kitandani, mke anasifia, majirani wanajua, na bado asiwe na mbegu za kutosha. Na mwingine anasuasua lakini mbegu zake ni nzima kabisa. Kwa hiyo ile kauli ya "mimi sina tatizo, muulize mke wangu" haina maana yoyote kwenye suala la mtoto. Mke wako hana hadubini.

Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu mwaka 2023: mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia tatizo la kupata ujauzito katika maisha yake. Na katika kapo zinazohangaika, karibu nusu mwanaume naye anakuwa na mchango kwenye tatizo, peke yake au pamoja na mwenzake. Nusu! Ila nenda kliniki yoyote uangalie nani amekaa kwenye benchi. Ni dada, peke yake, na faili limenenepa. Ameshapigwa ultrasaundi, ameshapimwa mirija kwa picha ya eksirei yenye maumivu yasiyosemeka, ameshapelekwa kwa mtumishi na kwa mganga na mama mkwe, ameshakunywa mizizi. Kaka hajatoa hata kile kipimo kimoja cha mbegu ambacho hakichomi, hakikati na kinahitaji kikopo tu. "Mimi kwenye ukoo wetu hatuna hayo mambo." Sawa, lakini ukoo wenu ulikuwa na soda mbili kwa siku?

Unene, kisukari na kukaa muda mrefu kwenye joto vyote vinagusa mbegu. Korodani zimewekwa nje kwa sababu zinataka ubaridi, nyuzi kama 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, na mafuta mengi ya mapajani na tumbo la chini yanazifunika kama blanketi. Sukari ya muda mrefu nayo inaharibu vinasaba ndani ya mbegu, kwa hiyo hata zikifika, mimba inaweza kugoma kushika au ikaharibika. Na mwanamke ndiye atakayeulizwa kwa nini imetoka. Habari njema ni kwamba mbegu zinatengenezwa upya kila siku, na safari ya mbegu moja tangu kuanza mpaka kukomaa ni kama miezi miwili na nusu. Ukibadilika leo, kipimo cha baada ya miezi mitatu kinaweza kusoma kitu kingine.

Wadada, sijawasahau. Na kwenu kuna jambo ambalo linaniuma zaidi, kwa sababu dalili zake watu wanazigeuza matusi.

Kuna tatizo la homoni ambalo wengi mnalijua kwa herufi nne, PCOS. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani linawapata wanawake 8 hadi 13 kati ya 100 walio kwenye umri wa kuzaa, na hadi asilimia 70 yao hawajawahi kuambiwa wanalo. Kwa wengi wao mzizi mmoja mkubwa ni insulini. Hiyo ndiyo homoni inayoingiza sukari kwenye seli. Seli zikianza kuigomea, kongosho linazalisha nyingine nyingi zaidi, na insulini ikijaa kwenye damu inaziambia ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Matokeo yake yai halipevuki vizuri, halitoki. Hedhi inakuja leo, inapotea miezi miwili, inarudi inamwagika. Ndevu zinaota kidevuni, chunusi haziishi. Na shingo, pamoja na kwapa, vinakuwa vyeusi na ngozi inakuwa nzito kama velveti.

Hiyo shingo nyeusi mnajua inavyosemwa. "Uso mweupe shingo Kongo." "Haogi huyo." Bidada anasugua kwa ndimu, anasugua kwa dodoki, ananunua krimu za kuchubua, haitoki, na kwenye picha anaanza kuvaa skafu. Dada yangu, mara nyingi huo siyo uchafu. Ni insulini inakuandikia barua shingoni. Hela ya ile krimu ingetosha kupima sukari, na majibu yake yangekusaidia zaidi.

Sukari ikipanda inawagusa wanawake kitandani pia, tena hilo haliongelewi kabisa kwa sababu tumezoea kwamba tendo la ndoa ni suala la jogoo peke yake. Ukavu, maumivu, hamu kupotea, fangasi zinazorudi kila mwezi ukimaliza dawa zinaanza upya. Dada anaambiwa ni mbaridi, au mume anadhani kuna mtu mwingine. Fangasi wanapenda sukari kama siye tunavyopenda. Kama zinarudi rudi, mwambie daktari akupime sukari, usiishie kubadilisha dawa za kupaka.

Na kwa wenye PCOS na uzito mkubwa, huhitaji kugeuka modo wa majarida ndipo mambo yafunguke. Kupungua asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito mara nyingi kunatosha kurudisha hedhi na kupevusha yai. Kama una kilo 90, hiyo ni kati ya kilo nne na nusu na kilo tisa. Ndiyo maana hawa wanaotumia zile sindano za kupungua, ambazo baadhi ya mastaa wanasema ni "maji ya ndimu na nidhamu", wengine wanashtukia wana mimba ambayo hawakuipanga. Yai lililokuwa limelala limeamka. Tahadhari ni kwamba zile sindano hazitakiwi kutumika ukiwa mjamzito, na ile yenye semaglutide inatakiwa iachwe angalau miezi miwili kabla ya kuanza kutafuta mtoto. Fundi wako wa kope anayekuuzia kwenye kichupa huwa hakwambii hilo.

Kwa wanaume nako inawezekana. Utafiti mmoja wa Italia uliochapishwa mwaka 2004 uliwachukua wanaume 110 wanene wenye tatizo la nguvu za kiume, bado hawana kisukari. Nusu wakapewa mpango wa kweli wa kula na mazoezi kwa miaka miwili, nusu wakapewa maelezo ya jumla tu. Kundi la kwanza, wanaume 17 kati ya 55 walirudi kuwa sawa. Kundi la pili, 3. Siyo wote, sikudanganyi, na miaka miwili siyo wiki mbili. Lakini hakuna vumbi la Kongo lenye rekodi hiyo.

Naomba pia nisieleweke vibaya. Mkitoka hapa msiende kumtukana mtu mnene. Wapo wanene wanaozaa kila wakijaribu, na wapo wembamba wenye PCOS, na wapo kimbaumbau ambao mikono ni vijiti lakini tumbo limefichwa kwenye shati, mafuta yote yamekaa ndani kwenye ini. Na siyo kila tatizo la uzazi ni sukari. Mirija ya dada inaweza kuwa imeziba kwa maambukizi ya zamani, kaka anaweza kuwa na mishipa iliyovimba kwenye korodani, au aliugua matumbwitumbwi baada ya balehe. Ndiyo maana ya kupima. Huwezi kujua kwa kuangalia picha.

Kujipima mwenyewe nyumbani anza na kamba. Zungushia kiuno usawa wa kitovu, usivute tumbo ndani, hakuna anayekuona. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Una urefu wa sentimita 170, kiuno kiwe chini ya 85. Halafu nenda asubuhi hujala, pima sukari. Chini ya 5.6 uko salama, kuanzia hapo hadi chini ya 7 ni taa ya njano, 7 na kuendelea ikirudiwa ikasoma vilevile ni kisukari. Presha ikianza kusoma 130 kwa 85 nayo usiipotezee.

Kwenye chakula sitawahubiria mle majani. Ila soda ya mililita 300 ina gramu kama 30 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa mtu mzima asizidi kama 25 za kuongezwa kwa siku nzima. Soda moja umeshapita, na bado chai ya vijiko vitatu, na juisi ya ukwaju, na ile chips mayai ya saa nne usiku. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 28 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 49 hapa Tanzania wana uzito uliozidi au ni wanene kabisa. Hawa wote siyo walafi. Ni mji ulivyokaa, soda ipo kila kona na pa kutembelea kwa miguu hakuna.

Najua kuna atakayesema babu yake alikuwa na tumbo na alizaa watoto kumi na wanne. Sawa. Babu lile tumbo alilipata uzeeni, watoto wakiwa wameshaoa. Akiwa na miaka 28 alikuwa analima kwa jembe na anatembea kilomita nane kwenda mnadani na kurudi. Wewe una miaka 28, unapanda boda kwenda duka la mtaa wa pili.

Moja la mwisho, kwa wenye presha. Baadhi ya dawa za presha zinaweza kupunguza nguvu, ni kweli, na wanaume wakishasikia hivyo wanaziacha kimyakimya. Miezi sita baadaye mdomo umepinda upande mmoja. Usiache mwenyewe, dawa zipo za aina nyingi, zinabadilishwa. Tatizo ni kwamba wanaume tukifika mbele ya daktari tunasema "dokta, kiuno kinauma", tunapewa diklofenaki na kurudi nyumbani. Sema kilichokupeleka. "Dokta, jogoo hapandi." Hatacheka, hiyo sentensi ameshaisikia, na kama anajua kazi yake kitu cha kwanza atakachofanya ni kukufunga kipimo cha presha mkononi na kukutoboa kidole.